Bingwa wa Ghorofa ya Sita

Lifti iligutuka, ikalia chuma kwa chuma, ikasimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Taa ikazimika. Mudi, mchukuzi aliyekuwa ameegemea marobota yake ya vitenge, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kwamba umeme umekatika, na kwamba jenereta la jengo hili halijawahi kuwa na haraka.

Dokta Joyceline aliwasha tochi ya simu. Siku nyingine yoyote angeweza kuchelewa, lakini si leo. Ghorofa ya sita waandishi wa habari walikuwa wakisubiri kuona chama cha madaktari wa watoto, ambacho yeye ni katibu wake, kikitia saini tamko la pamoja na chama cha madaktari wa ngozi. Vyama hivyo vilitoana macho miaka nenda rudi juu ya nani mwenye wagonjwa wa mzio, na wagonjwa wenyewe wakawa mpira, wanapigwa dirisha hili wanarudishwa dirisha lile. Sasa vyama vilikuwa vimeungana kuidai serikali jambo moja tu: madaktari bingwa wa mzio wasomeshwe, na wakishasomeshwa waajiriwe.

Mwenyekiti wa madaktari wa ngozi, Profesa Polycarp, alikuwa humo humo, anajipepea na kofia. Tangu mlangoni yeye na Joyceline walikuwa wanabishana jina la chama gani litangulie kwenye tamko. Lifti iliposimama na ubishi nao ulisimama, na hilo angalau lilikuwa jema.

Mtu wa nne alikuwa kijana wa fulana na raba, na begi mkononi. Aliingia wa mwisho, mlango ukikaribia kufunga, huku anajisugua shingo. Akamwamkia Profesa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na baada ya hapo hakuna aliyemtazama tena. Vijana wa namna hiyo Kariakoo wamejaa, wanapanda na kushuka kutwa nzima kutafuta mzigo.

Sasa alianza kukohoa.

Joyceline alidhani ni joto. Humo ndani hewa ilikuwa nzito, na yeye mwenyewe kuta zilianza kumsogelea. Kisha akasikia jinsi kijana anavyovuta pumzi, kwa mluzi mwembamba, akamgeuzia tochi. Midomo ilikuwa imevimba. Macho yalikuwa yamefura hata hayafunguki, vipele vimetapakaa shingoni, na katikati ya vipele kuna kimwiba cha nyuki. Pale chini, nje ya mlango wa jengo, kuna mashine ya juisi ya miwa, na nyuki wake hawahesabiki.

"Mzio," alisema Profesa, kofia ikamponyoka. "Mlaze. Miguu juu."

Kijana alikuwa ameshaanguka magoti, anahangaika na zipu ya begi. Joyceline alimlaza, akalichukua begi na kulisukuma chini ya miguu yake ili iinuke. Mkono wa kijana ukalifuata. Alitaka kusema kitu, koo halikumruhusu. Akapapasa, akanyoosha kidole, akapapasa tena.

Mudi aliumia moyoni. Amebeba mali za watu Kariakoo tangu ujana wake, na bado mtu akizidiwa mbele yake, cha kwanza anachokumbuka ni kulinda begi.

"Broo, tulia," alisema. "Begi lako lipo. Hapa hakuna mwizi."

"Lipo, mwanangu," Joyceline naye alimhakikishia, akaushika ule mkono na kuubana kifuani kwake usizidi kumchosha.

Dawa waliijua wote wawili: adrenalini, sindano moja ya paja, tena sasa hivi. Hawakuwa nayo. Ingekuwa kichekesho kama isingekuwa roho ya mtu, madaktari wakubwa wawili wamefungiwa na mgonjwa, na mikoba yao imejaa nakala za tamko.

Profesa na Mudi waliuvamia mlango. Waliuvuta hadi ukaacha upenyo wa kupitisha mkono, na juu yao wakaona ukingo wa sakafu ya ghorofa ya nne na viatu vya watu. Mtu hapiti pale. Lakini sindano inapita, na Joyceline akakumbuka kwamba sindano zipo. Dokta Fikirini, bingwa aliyerudi juzi juzi kutoka masomoni ng'ambo, aliahidi kuja nazo leo awaonyeshe waandishi zinavyotumika. Yeye na Profesa hawakuwahi kumtia machoni. Mwaliko ulishughulikiwa na Hillary, karani wa chama.

Akampigia Hillary. Mtandao ulikata, ukarudi. Alimwambia amtafute bingwa popote alipo huko juu, ashuke mbio na sindano hadi mlango wa lifti ghorofa ya nne.

"Ukumbini simwoni, dokta," alisema Hillary. "Ila ameshafika, ameniandikia. Labda amepitia kuswali. Nakutumia namba yake."

Mkono wa kijana uliacha kushindana na wa Joyceline. Ulilegea tu, wenyewe, na ubaridi ukaanza kupanda kutoka kwenye vidole. Joyceline aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Profesa alikuwa amepiga goti, ameweka vidole shingoni mwa mgonjwa, anavisogeza huku na huku akitafuta mapigo.

"Anatutoka," alisema. "Mpigie huyo mtu."

Namba ikaingia. Joyceline akaibonyeza, akaweka simu sikioni, akamwomba Mungu bingwa awe karibu.

Chini ya miguu ya mgonjwa, ndani ya begi, simu ikaanza kuita.