Zamu ya Kumbebea Elisaria

Siku hizo mgonjwa wa saratani akichomwa dawa, kichefuchefu chake kiliweza kubebwa na mtu mwingine, mradi wote wawili wavae bangili za hospitali. Ndugu na majirani walipokezana kumbebea Elisaria, ili ale, apate nguvu za dozi inayofuata.

"Beseni lile pale," mkewe, Namsifu, aliwaambia. "Atakayetapika kwenye zulia langu atalifua."

Walicheka, na walirudi. Jirani yao, fundi cherehani, alibeba huku akipinda suruali za watu.

Jumapili ilikuwa zamu ya Nakunda, dada yake Elisaria. Elisaria alifagia sahani ya makande, akamtania dada yake kwamba amenuna kama mwenye mimba changa, kisha akaanza kupiga mluzi. Nakunda akamfuata Namsifu jikoni, machozi yanamtiririka.

"Umeshindwa, wifi? Lete, nibebe mwenyewe."

"Kichefuchefu si kitu. Kaka anaogopa, wifi. Woga nao unapita kwenye bangili hizi. Sote tumeuonja, tukakuficha."

Namsifu alimtazama. Elisaria, mtu wa utani kutwa kucha?

Nakunda alipovua bangili, mluzi ulikatika sebuleni.

Namsifu aliivaa haraka. Tumbo likamchafuka, kisha woga ukamjaa kifuani, wa baridi, mpana kuliko alivyodhani mtu mmoja anaweza kuubeba. Mluzi ukaanza tena.

"Mama watoto, makande yamebaki?"

"Yamejaa sufuria. Kaa hapo hapo."

Alimpelekea sahani, naye akipiga mluzi uleule.