Usigeuke Mpaka Filimbi

"Pua ukutani," alisema msimamizi wa uchaguzi. "Atakayegeuka kabla ya filimbi, amejitoa mwenyewe."

Wagombea wawili wakasogea mpaka wakanusa rangi mbichi. Kushoto, fundi wa kuchomelea vyuma, binti mwenye makovu ya cheche mikononi. Kulia, Mwenyekiti wa Vijana. Wapiga kura wangejipanga nyuma ya yule wanayemtaka. Hakuna karatasi, hakuna siri. Miguu yako ndiyo kura yako.

Mwenyekiti alikuwa Mwenyekiti wa Vijana tangu binti huyo ananyonya. Alipokaribia miaka thelathini na mitano, mwisho wa ujana ulisogezwa hadi arobaini na mitano. Alipokaribia huko, ukasogezwa tena. Siku hiyo katiba ya umoja wa vijana ilitambua ujana hadi miaka sitini, na yeye alikuwa na hamsini na tisa.

Mwaka uliopita vijana walipopiga kelele kwamba hawana kazi, katiba ikaongezwa kipengele: asiye na kazi inayojulikana hapigi kura. Ndiko kumchapa mtoto halafu kumchapa tena kwa sababu analia.

Basi vijana hao walikuwa nje, wakigonga geti kwa mawe na kuimba. Geti lenyewe alilichomelea yule binti. Kati ya wote aliosoma nao chuo cha ufundi, yeye peke yake ndiye aliyepata kazi, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kugombea.

Anayeshika kiti cha Mwenyekiti wa Vijana huingia baraza la mji, na barazani ndiko kazi hugawiwa. Barabara ya lami ilipokuja, vibarua vilikwisha chukuliwa na binamu za Mwenyekiti kabla lami haijachemka. Sasa lilikuwa linakuja soko jipya.

"Mwanangu," Mwenyekiti alinong'ona, macho ukutani, "unajiaibisha. Humu ndani una kura gani? Ya kwako tu, nayo umesimama nayo hapa."

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nilidhani ukuta utakuziba mdomo."

"Marahaba. Sikiliza. Soko likianza, milango yote utachomelea wewe. Jitoe."

"Na wenzangu?"

"Wenzako waimbaji. Wana kazi gani nyingine?"

"Hilo ndilo tunalokuuliza, mzee."

"Usiniite mzee. Mimi kijana mwenzako."

Binti akacheka, pumzi ikagonga rangi. "Kijana mwenzangu, magoti yako yanalia tangu tusimame."

Nje, mtu alipaza sauti kama anayetoa amri. Nyimbo zikakatika. Zikafuata mbio, miguu mingi ikitawanyika mitaani, kisha kimya. Hata jiwe moja halikugonga geti.

"Umesikia?" Mwenyekiti alisema taratibu, kama anayeonja kitu kitamu. "Njaa imewauma. Wamekimbilia kwa mama zao."

Binti alitamani kugeuka, atazame mara moja tu. Akakaza shingo.

"Jitoe kwa heshima, mwanangu. Hutaki watu wakuone umesimama peke yako."

"Sijitoi. Nikibaki na kivuli changu, na kihesabiwe."

"Jipangeni!" msimamizi akapiga kelele.

Viatu vilivyong'arishwa vikaanza kugonga sakafu, vyote kuelekea kulia. Binti alivijua kwa mlio: wale binamu. Mgongoni kwake hakusikia mtu, isipokuwa upepo wa dirisha.

Kisha geti likalia. Mlinzi alikuwa na maagizo ya Mwenyekiti mwenyewe: vijana wabaki nje, watu wazima wapite na heshima zao. Na miguu iliyoingia haikuwa ya vijana. Ndala ziliburuzwa. Mtu alikohoa. Mwingine aliguna, akalalamikia kiuno, akaomba wenzake wasimsukume. Mlangoni msimamizi alimuuliza kila mmoja umri na kazi, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyerudishwa.

Walikuwa wengi. Ukumbi ule ulirudisha mwangwi, usijue nani anakwenda upande gani.

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Rika langu hilo," alisema. "Watoto mtatukana, mtaimba, lakini rika halimtupi mtu."

Binti aliweka kiganja ukutani, rangi ikamshika, akaacha imshike.

Filimbi ikalia.

Waligeuka pamoja. Mstari wa Mwenyekiti haukufika dirisha la pili. Ule wa binti ulivuka ukumbi, ukatoka mlangoni, ukakata uwanja mpaka getini. Wauza nyanya, wafagiaji, wapishi wa shule, mwingine bado na aproni yake. Wanawake wa miaka arobaini na kitu, hamsini na kitu, wote na jasho la kazi. Nyuma ya nondo za geti watoto wao walikuwa wameinama, mikono magotini, wakihema kama mbwa waliotoka mbio.

"Hawa si vijana!" Mwenyekiti akafoka.

"Hawajafika sitini, na kazi wanazo," msimamizi alisema. "Ni katiba yako, Mwenyekiti."

Ndipo macho ya Mwenyekiti yalipomwangukia mshonaji aliyetangulia mstarini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hata wewe, mama watoto?"

"Miaka thelathini nimeolewa na kijana," alisema mkewe, akimshika mkono. "Nimechoka. Twende nyumbani ukazeeke."