Jibu Lililokatwa

Kwenye karatasi ya mtihani wa uuguzi iliyorudishwa, jibu la kwanza la Tunu lilikuwa bado linasomeka chini ya mstari: mapigo ya mgonjwa hayapimwi kwa kidole gumba, kwa sababu nacho kina mapigo yake. Lilikuwa sahihi. Alilikata mwenyewe dakika ya mwisho, akaandika lingine, akafeli kwa kukosa alama mbili.

Asubuhi iliyofuata, wodini, alishika mkono wa Bi Mwanakheri, akahesabu, akaandika sabini na sita. Akaikata namba hiyo. Akahesabu tena, akapata sabini na sita. Akaushika mkono mara ya tatu.

"Mwanangu, moyo ninao mmoja tu," alisema mgonjwa. "Au umeuona wa pili, unanificha?"

Tunu alicheka, machozi yakamtoka. "Nimefeli mtihani, mama. Jibu nilikuwa nalo, nikalikata."

"Pole, mwanangu. Na hili la leo?"

"Sabini na sita."

"Basi andika. Mkono wangu haukimbii."

Tunu akaandika. Kisha akabaki ameshika kalamu juu ya tarakimu zile mbili, bila kuzigusa, akiutazama wino ukikauka.