Hatua Sitini Kutoka Kwenye Tangi

Siku mlima ulipopasuka, mshonaji alikuwa kazini ng'ambo ya mji, na mama yake, asiyeweza kutembea, alikuwa amelala nyumbani. Mshonaji alikimbia kurudi mpaka pale askari walipofunga barabara. Mbele yao lava ilikuwa ikishuka taratibu kama uji mzito, na moshi ulikuwa umeficha nyumba zote.

Lava ikapoa, ikawa jiwe. Mtaa mzima ukageuka uwanja mweusi, kikachomoza kitu kimoja tu: tangi la chuma la maji la shule. Kutoka kwenye tangi hadi mlangoni kwao, mshonaji alikumbuka, ni hatua sitini kuteremka. Akazihesabu, akapaka chokaa pale zilipoishia. Mvua ikifuta, anapaka tena.

Mwaka wa pili wakaja wapasua mawe.

"Dada, hapo ulipopaka ndipo penye jiwe la maana," msimamizi alimwambia.

"Hapo yupo mama yangu."

Msimamizi akavua kofia. "Basi hatupagusi. Ila mimi sishindi hapa kila siku."

Ndipo mshonaji alipoacha cherehani, akaomba nyundo. Alichagua kukaa hatua kumi upande wa juu wa chokaa, amwone kila anayeisogelea.

"Mikono ya kutunga uzi hiyo," wenzake walimtania. "Jiwe ndilo litakalokupasua wewe."

Mpasua mawe aliyekaa jirani naye akamfundisha. Jiwe la juu lilipoa haraka, hewa ikiwa bado ndani, ndiyo maana lina vitundu kama mkate. La chini lilipoa polepole, likashikamana. Hilo, tafuta ufa wake kwanza kabla ya kupiga nyundo. Akazoea. Shimo lake likazidi kwenda chini, kokoto zikapakiwa kwenye malori, chokaa ikabaki safi. Kila jioni aliiinamia. "Mama, mimi nipo."

Jana alikuja mpima ardhi na ramani ya zamani. Aliitazama ramani, akalitazama tangi, akarudi kwenye ramani.

"Dada, hili tangi halipo mahali pake. Lava ililisukuma kabla haijaganda. Limeshuka hatua kumi."

"Kwa hiyo kwetu ni wapi?"

Mpima alihesabu hatua kwenye ramani. Aliinua kalamu, akaielekeza kwenye shimo la mshonaji, na nyundo iliyokuwa imelala humo.

Kokoto za shimo lile zilishamwagwa kwenye barabara mpya. Magari yanapita juu yake tangu Jumatatu.