Tumbo la Nne

Kitu cha kwanza Mwanaidi alichokiona ni kwamba mwalimu wa biolojia alielekeza kwa kalamu tu, hakugusa kitu.

Walimu watano wa sekondari walikuwa wamekuja machinjioni, pale Mwanaidi anaposafishia matumbo ya ng'ombe, kazi aliyorithi kwa mama yake, kutafuta mifano ya kufundishia kutoka mtaani kwao. Mkufunzi wao, mama wa makamo, alimwambia, "Leo mwalimu ni wewe, mwanangu." Lakini hakuna aliyemuuliza neno.

"Andikeni," alisema mwalimu wa biolojia, kitambaa puani. "Hili tumbo kubwa ndilo lenye asidi. We dada, hata sabuni huna? Wanafunzi wangu watatapika hapa."

Wenzake wakacheka, wakaandika.

Mwanaidi akaona kinyaa ambacho samadi haijawahi kumtia. Uongo huo ungekaririwa na watoto wa watu. Akalipasua tumbo kubwa, akachota nyasi kwa mkono, akamsogezea mwalimu huyo usoni.

"Zimeyeyuka wapi, mwalimu? Hizi bado nyasi. Ng'ombe huzirudisha mdomoni akacheua. Lenye asidi ni la nne kati ya matumbo yake manne, hilo dogo lililo chini ya mkoba wako."

Mwalimu akaunyakua mkoba. Ulikuwa unachuruzika.

"Umesomea wapi, binti?" mkufunzi aliuliza.

"Hapa hapa. Shule niliishia darasa la tano." Yaliyofuata hata mama yake hakuwahi kuyasikia. "Sikushindwa masomo. Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa, akasema nanuka kazi ya mama yangu."