Bila Hata Mkwaruzo

"Kumi na tisa. Ishirini. Pumua."

Fundi bomba aliachia pumzi, akakohoa. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, shati wazi, mbavu zinahesabika. Mkewe alikaa kando yake, saa ya ukutani ameipakata mapajani.

"Unahesabu polepole makusudi," fundi alisema. "Unataka kuniwahi kabla ya ugonjwa?"

"Daktari si alisema ishirini? Tena."

Fundi aligonga sakafu kwa kidole cha shahada, kuonyesha yuko tayari. Kidole chenyewe kilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikwenda na mashine ya kukatia mabomba.

Ini hupanda na kushuka mtu anapopumua. Hivyo ndivyo alivyomweleza mkewe aliporudi kutoka hospitali. Kuna mashine mpya, alisema. Inatuma mawimbi ya sauti kutoka nje, yanakutana sehemu moja huko ndani na kuunguza uvimbe. Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Wanakupaka jeli tumboni, unabana pumzi, basi. Ukipumua ovyo wanaunguza pasipohusika. Alisema uvimbe wake umepimwa na mashine inauweza.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, mkewe alimaliza chakula kwenye sahani.

Mdogo wake fundi alipita kumjulia hali. Alipoelezwa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sauti inaunguza uvimbe? Basi kaka, shemeji angekuwa amekuponya zamani!"

"Kwanza nianze na wewe," mke alimjibu, na wote watatu wakacheka. Fundi alicheka huku ameshika ubavu wa kulia.

Siku ya matibabu aliondoka peke yake. Wasindikizaji hawaruhusiwi, alisema. Mkewe alikuwa jikoni. Alimsikia akiingia chumba cha mbele, pale yeye, msusi, anaposukia wateja wake nywele. Nyayo zikatulia kidogo. Kisha mlango ukafungwa.

Alirudi alasiri, macho ya njano, midomo mikavu.

"Wameunguza?"

"Nusu. Nusu nyingine Jumanne."

Mkewe alimfungua vifungo vya shati. Jeli ilikuwa imeanza kukauka, tumbo zima linanata. Alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, akamfuta taratibu, akitafuta kovu, bandeji, chochote.

"Mbona hakuna hata mkwaruzo?"

"Ndiyo uzuri wake, mama. Inapita juu kwa juu. Huwezi kujua kama mtu ametibiwa."

Mkewe alianza kulia. Fundi alimfuta machozi kwa kile kidole kifupi, akamtania kwamba maji anayomwaga hata yeye na mabomba yake hawezi kuyaziba. Jioni hiyo alikula vijiko vinne. Mke aliwapigia simu mapacha wao bwenini, akawaambia baba ametibiwa, wasome kwa amani. Mapacha walipiga kelele kwenye simu hadi mwalimu akawakemea.

Kesho yake mteja wa kwanza alifika mapema. Msusi alimkalisha kwenye kiti, akamchana, akavuta kopo kubwa la jeli ya nywele. Kopo alilifungua juzi tu. Tena yeye huchota kwa kijiko, miaka yote, kwa sababu hapendi jeli iingie uchafu wa kucha.

Alifungua kifuniko, akakaa nacho mkononi.

Juu ya jeli kulikuwa na michirizi ya vidole vinne vilivyozama na kuchota. Mitatu ilikuwa mirefu. Mmoja ulikuwa mfupi.

"Baba Mapacha anaendeleaje?" mteja aliuliza, ameinamisha kichwa.

Msusi alichukua kijiko. Alisawazisha jeli mpaka ikawa laini kama haijaguswa na mtu.

"Anaendelea," alisema. "Jumanne anamalizia."

Kila jioni hadi Jumatatu alimhesabia mumewe pumzi. Ishirini ikawa kumi na tano, kumi na tano ikawa tisa. Hakumkosoa.

Jumanne asubuhi alifungua kopo jipya la jeli, akaliacha wazi kwenye meza ya chumba cha mbele, karibu na mlango. Kisha akaenda jikoni na kufungulia redio kwa sauti kubwa.