Vidonge vya Mama Lynn

Pakiti tupu zilikuwa sitini na mbili. Wanyoike alizimwaga mezani, kando ya bakuli la kuku na sinia ya ugali, kwa madaha ya mtu aliyekamata mwizi.

"Nimezitoa store, nyuma ya magunia ya chakula cha kuku," alisema. "Dawa za kupanga uzazi. Huyu mwanamke amekuwa akimeza hizi vitu akinificha."

Mzee Kihara, ami yake, alitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akajichagulia paja la pili. Masikitiko yake hayakuwa ya kumkatiza mtu chakula.

"Kuku wako ni wanono, kijana."

"Wiki nne tu, mzee. Majirani bado wanangoja sita ndio wauze." Alijisifu kama aliyewaatamia mwenyewe. Hajawahi kuwawekea hata maji.

Katika boma hilo la Gilgil, kesi ya mke haikusikizwa kwa njaa, na aliyeshtakiwa ndiye aliyepika. Wanjugu alikuwa amechinja watatu tangu asubuhi. Firigisi alimpa mzee, kama ilivyo desturi. Yeye na bintiye Lynn, wa miaka sita, walikula maharagwe jikoni, maana haifai mwanamke kutafuna mbele ya wanaomhukumu.

Wakili Omolo alipangusa vidole kabla ya kugusa karatasi zake. Ustaarabu wake uliishia hapo.

"Madam, ni simple," alisema. "Unasign kwamba ulimeza vidonge kwa siri ukamnyima bwana mtoto wa kiume. Unarudi kwenu na nguo zako. Lynn anabaki kwa babake. Ukikataa, tunaonana korti ya Nakuru na hizi pakiti zote."

Wanjugu aliposikia jina la Lynn, alisogea na sufuria. Alimwongezea wakili mchuzi.

"Na si ati hakujua hatari!" Wanyoike alitoa kadi ya hospitali. "Akizaa Lynn, damu iliganda mguuni. Daktari akaandika hapa na biro nyekundu asiwahi kugusa hizi vidonge, damu inaweza ganda tena ipande kwa mapafu, akufe. Lakini ona! Heri akufe kuliko anizalie kijana."

Kwa miaka sita mguu huo ulikuwa umevimba na kunywea, na Wanyoike hakuuliza hata siku moja unaumaje. Leo kadi aliikariri kama mstari wa Biblia.

"Mwenye chemist tunamshtaki pia," Omolo alisema, mdomo umejaa. "Celestine amekubali alimuuzia pakiti sita, saba kwa mwezi. Hakuitisha barua ya daktari. Hakupima presha. Hiyo ni negligence."

Wanaume watatu, wote wenye wake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pakiti moja humtosha mwanamke mwezi mzima. Mambo hayo waliyaona ni ya akina mama. Kuyahukumu tu ndiko walikoona ni kazi yao.

"Wanjugu," Mzee Kihara alisema, akifyonza mfupa, "mbele ya Mungu, ulinunua hizi dawa?"

"Nilinunua, baba."

"Miezi mingapi?"

"Tisa."

"Mnaona!" Wanyoike alipiga meza. "Amekubali! Mpe kalamu."

Wanjugu alikuja na beseni na maji ya moto, akawanawisha mmoja mmoja, akianza na mzee.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba kabisa," alisema wakili, akisukuma karatasi. "Sign hapo chini."

Aliisoma yote pole pole, kidole juu ya kila mstari, huku Wanyoike akihema kwa kukosa subira. Kisha akairudisha bila kuandika.

"Hapa mmesema nilimeza. Sikumeza hata kimoja. Daktari alinikataza."

Omolo alicheka. "Sasa madam, pakiti sitini na mbili zilimezwa na nani?"

"Nilikuwa nasagia kuku kwa chakula," Wanjugu alisema, akikusanya mifupa kwenye sahani zao. "Baba Lynn alisema nitafute dawa wanenepe kwa wiki nne. Sasa tupeleke hizo pakiti korti ya Nakuru, ama Lynn abaki na mimi?"